Siku Tisini za Karambu

Haya nilielezwa na Igoki wa Mitunguu, Agosti iliyopita, tukimenya viazi vya harusi. Karambu wa Githongo ni dada yake mkubwa.

Karambu alikuwa amepasuliwa tumbo, akatolewa mawe kwenye nyongo. Miezi miwili baadaye bintiye Mwendwa, anayekaa Ujerumani na mume wake, alijifungua msichana wa pili. Msichana wa pili hupewa jina la nyanya wa upande wa mama, kwa hivyo mtoto akaitwa Karambu. Mwendwa mwenyewe alikuwa ameshonwa, hawezi kuinama, akaomba mama yake aende amwoshee mtoto. Ubalozi ulitaka bima ya safari, na miadi ilikuwa Ijumaa ya juma lililofuata.

Karani wa bima pale mjini Meru, kijana anayeitwa Mbaabu, aliangalia kompyuta akasema aliyepasuliwa lazima akae siku tisini bila ugonjwa. Karambu alikuwa na sitini na moja. Mbaabu akamweleza kwamba majirani wanaweza kumwongezea siku, wengi hufanya hivyo.

Basi Githongo wakafanya mchango. Mtu alikuja jikoni kwa Karambu, akamshika mkono, akataja siku anayotoa. Siku hiyo ikifika, yeye hakuwa nayo. Aliyetoa Jumanne alilala Jumatatu akaamka Jumatano, na pale kiwanda cha kahawa wakaandika kwamba hakuwa na Jumanne. Mutembei alitaka kutoa Jumamosi, wakamwambia wewe ni Msabato, hiyo si yako. Jirani mwingine, Bundi, akatoa siku ya kesi yake ya shamba. Mkewe akasema amtolee mgonjwa siku nzuri, si ile anayoiogopa. Akatoa ya soko.

Karambu akarudi mjini, kompyuta ikasoma tisini na kupita. Mbaabu akafurahi, akaomba barua ya daktari. Jumatano asubuhi, siku mbili kabla ya miadi, daktari akambonyeza tumbo, akaandika kwamba amepona. Saa sita Karambu akaipeleka barua, kompyuta ikasoma sifuri.

"Siku huhesabiwa tangu ulipoonwa na daktari mara ya mwisho," Mbaabu alisema.

"Na si wewe ulinituma?"

"Ndiyo, mama. Ulifanya vizuri."

Akampa cheti cha bima kilichoandikwa tayari, akamwambia alete tisini kesho, kipigwe muhuri.

Jioni ile foleni ilitoka mlangoni kwa Karambu ikafika kiwandani. Kila mtu alitoa Alhamisi. Mwalimu mkuu alitoa yake, kwa hivyo shule ikafungwa. Walifika themanini na tisa, wakaenda kulala mapema.

Igoki aliingia mwisho na mkungu wa ndizi, amevaa viatu vya kanisani, maana alikuja kumsindikiza dada yake mpaka ubalozini Nairobi. Karambu hakumwomba kitu. Igoki akavua viatu, akamshika mkono, akasema, "Alhamisi."

Alipojilaza kwenye kitanda cha dada yake, akauliza jambo lililomsumbua tangu jikoni.

"Mama Mwendwa, hilo tumbo likikuuma huko, watalipa?"

Karambu akavaa miwani, akasoma cheti polepole mpaka chini.

"Tumbo wameliacha nje," alisema. "Watalipa mguu, na meno, na sanduku likipotea."

Igoki akafikiri kidogo kuhusu sanduku. Akasogea upande wa ukuta, akalala.