Mkono Uliopigwa Picha

"Awuor, umefuga nyuki ndani ya ngozi?"

Nabututu, jirani yake wa mtaa wa Migosi, ndiye aliyeuliza siku ile waliposhikana mikono kusali, akausikia mkono wa kushoto wa Awuor ukinguruma. Awuor alicheka hadi sala ikakatika. Nyuki hao ndio waliokuwa uhai wake. Figo zilishakufa, daktari akaunganisha mishipa miwili chini ya ngozi, ili mashine ya kusafisha damu ipate pa kudunga. Wagonjwa wenzake mishipa yao iliziba mapema. Wake ulidumu.

Kwa sababu hiyo jana, mheshimiwa alipokuja kufungua wodi mpya, Awuor ndiye aliyeketishwa mbele. Daktari Mathews akamfunga kipimo cha presha mkono huohuo.

"Daktari, si huu. Ninyi wenyewe mlitukataza."

"Tulia, mama. Kamera iko upande huu."

Kitambaa kikajaa upepo, kikabana. Mheshimiwa akahutubia kwa Kiswahili, akarudia yote kwa Dholuo. Vidole vya Awuor vikafa ganzi. Aliyekuja kumfungua ni muuguzi Lorine, mwenzake wa kwaya. "Pole, dada," alinong'ona.

Leo mkono ulikuwa kimya. Daktari Mathews aliubonyeza mara moja tu.

"Umeulalia."

"Sijaulalia. Ni kile kipimo."

"Kipimo gani?"

"Cha jana, Daktari. Mbele ya mheshimiwa."

Akacheka kidogo. "Mama zetu hawa! Anabeba karai la dagaa wa omena kutoka ufuoni Dunga, halafu kosa ni la hospitali. Aliyejiharibia anaanza foleni ya upasuaji upya."

"Na nikingoja, damu itasafishwa kupitia wapi?"

"Omba Mungu, mama."

"Mungu namwomba kila siku. Sasa nakuomba wewe."

Daktari akatazama dirishani. Awuor akamgeukia Lorine, aliyekuwa akipanga sindano.

"Dada yangu, sema. Si wewe ulinifungua?"

Lorine akafungua mdomo.

"Sista," Daktari akasema kwa upole, "kandarasi yako ile, si tunaiangalia wiki hii?"

Lorine akaufunga.

"Aliulalia," akasema. "Aliniambia mwenyewe."

Awuor alimkazia macho, akimngoja ainue yake. Lorine hakuyainua. Alichukua sinia lake la sindano. Utepe uliokatwa na mheshimiwa ulikuwa bado sakafuni pale mlangoni. Akauruka kwa uangalifu, asiuchafue, akatoka.