Karanga Tisini na Tano

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwa wananchi wote wa Kilosa, Mikumi na vitongoji vyake kwamba baba yangu mzazi, Bwana Optatus, muuza mbegu, mwenye umri wa miaka arobaini na saba na kitambi cha wastani, amekuwa mtu wa kwanza mtaani kwetu kumaliza mashindano ya michezo mitatu ya masafa marefu: kuogelea mita elfu moja na mia tisa, kuendesha baiskeli kilomita tisini na kukimbia kilomita ishirini na moja, yote kwa siku moja na bila kulazwa.

Naomba msipige makofi kwanza. Kuna suala la karanga.

Mimi ni Irine, kidato cha tatu, shule ya bweni. Shuleni niliwahi kuwa kiranja wa bwalo kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili matroni alihesabu maandazi, na uongozi wangu ukafikia tamati. Naitaja historia hii mwenyewe kabla mama hajaitaja.

Mtaani baba anaitwa Nusu. Jina hilo alipewa na Hussein, fundi baiskeli, ambaye kazi yake anaifanyia mbele ya duka letu na kwa hiyo anaona kila kitu. Uzio wetu una pande mbili. Mbuzi wanaingilia upande wa tatu. Banda la kuku lina paa ila halina mlango. Udereva baba alijifunza kwenda mbele tu, somo la kurudi nyuma hakuhudhuria.

Basi jioni moja, nikiwa likizo, baba alituonyesha kwenye simu tangazo la wakimbiaji wa Morogoro waliokuwa wanaandaa mashindano hayo Mikumi.

"Safari hii namaliza," akasema.

"Unamaliza nini, Baba Irine? Chai?" mama akauliza.

"Kitu kizima, Mama Irine. Nimechoka kuitwa Nusu mbele ya mwanangu."

Alisema polepole, bila kucheka. Hata mimi, ninayechekaga kwenye misa ya wafu, sikucheka. Nilisubiri nifike jikoni.

Mazoezi yakaanza. Baiskeli alifanyia kazini, akipeleka mbegu Tindiga na Msowero na mifuko nyuma. Kukimbia alikimbia alfajiri, ili Hussein asimwone. Kuogelea ndiko kulikuwa na kazi. Alijifunzia kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, ambako maji yalimfika kiunoni na vyura walimpita kwa heshima. Kila akichoka alisimama. Baada ya miezi minane aliacha kusimama, na siku hiyo akarudi nyumbani na soda ya kila mtu.

Kuogelea kungefanyika kwenye bwawa la hoteli moja pale Mikumi, lenye urefu wa mita ishirini. Hesabu yake ni safari tisini na tano, ukuta hadi ukuta. Waandaaji walisema kila mshiriki aje na mtu wake wa kumhesabia. Baba akaniteua mimi. Mama akamtazama baba kama mtu anayemkabidhi fisi ufunguo wa bucha.

Sisi nyumbani tunahesabu magunia kwa punje: gunia likipakiwa, punje inahama chombo. Baba akaleta punje tisini na tano za mahindi ya mbegu kutoka dukani, zile za rangi ya waridi.

"Hizo zina dawa," mama akasema. "Huyu akizishika atalamba vidole, tumzike Mikumi."

Akakaanga karanga kwa chumvi, akazimenya, akahesabu tisini na tano, akaziweka kwenye bakuli la bluu. Pembeni akaweka kikombe cheupe. Kila safari moja, karanga moja inatoka bakulini kwenda kikombeni. Bakuli likiisha, baba amemaliza.

Nadhani sasa mmeona kosa lilipoanzia. Mimi sikukaanga karanga zile.

Siku ilipofika washiriki walikuwa kumi na mmoja, wengi vijana wenye miwani ya kuogelea inayong'aa. Baba alikuwa na kaptula ya mpira. Mwandaaji mkuu, Bwana Kondo, akapuliza filimbi saa moja asubuhi, wakati mtu mwenye akili anakunywa chai. Mimi chai sikupewa, eti tunachelewa.

Nilihesabu kwa uadilifu mkubwa hadi safari ya thelathini. Ya thelathini na moja, karanga mbili zilitoka bakulini: moja ikaenda kikombeni, nyingine ikapotea njia. Nikajiambia nitaikumbuka. Kisha nikakumbuka kuwa nina njaa. Baba alikuja na kurudi, macho mekundu, akinitupia jicho kila alipogusa ukuta, nami nilimwonyesha dole gumba huku nikitafuna kwa kufunga mdomo. Bakuli lilipoisha nikapunga kitambaa. Baba akatoka majini kama mtu aliyezaliwa upya, akanibusu kichwani, akakimbilia baiskeli.

Akaenda Ulaya. Ulaya yetu hii, iliyo njiani kuelekea Kilosa. Aliivuka kidogo na kurudi, na Hussein alikuwa amesimama pale barabarani na pampu mkononi, akipiga kelele, "Nusu! Leo unaishia wapi?" Pumzi ya baba ilikuwa ya kanyagio tu. Kwenye kukimbia, nyani aliruka mezani akachukua ndizi iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili ya baba. Baba alimtazama, akaona hana nguvu za kugombana, akaendelea. Saa kumi jioni akavuka mstari pale pale hotelini, wa mwisho, akitembea kama anayekanyaga mayai. Mama alilia. Hussein, aliyepanda lori kuja kushuhudia, alivua kofia.

"Optatus," akamwita. Kwa jina lake.

Bwana Kondo akaja na medali. Baba akainua mkono. "Subiri kidogo, ndugu yangu. Irine, lete kile kikombe. Nataka zile karanga nizigandishe kwenye ubao, zote tisini na tano, nitundike sebuleni. Kila mgeni azihesabu."

Nilikuwa nimechukua nane. Saba nilikula, na ya nane ilibaki mfukoni mwa sketi. Wakati kikombe kinapita mkononi mwangu, ya mfukoni ikajiunga na wenzake. Niliona hilo ni jambo la kizalendo.

Baba akahesabu juu ya meza, mbele ya watu. Themanini na nane. Akahesabu tena. Themanini na nane.

Mama akanigeukia. "Matroni alikuwa na idadi gani ya maandazi, Irine?"

"Baba," nikasema, "kuna karanga nilizokula."

Baba alikaa chini. Sijawahi kuona uso ule na sitaki kuuona tena, maana haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayetazama uzio wenye pande mbili.

"Mzee, achana nazo," Bwana Kondo akasema. "Safari saba ni nini? Vaa medali yako."

"Saba ndizo nusu yangu," baba akasema. Akainuka kwa kushika meza, akaenda hadi bwawani, akajitumbukiza na viatu.

Uwanja mzima ukahesabu kwa sauti, vijana wa miwani, wapishi wa hoteli, na Hussein kuliko wote. "Moja! Mbili!" Kwenye ya tano mguu ulimkaza akaogelea kwa mikono. "Saba!" Watu wakapiga yowe. Bwana Kondo akachuchumaa ukingoni, medali mkononi.

Hapo ndipo mama alipokuja taratibu, karanga moja kiganjani.

"Zangu zote nilizimenya zikawa nyeupe," akasema. "Hii mbona ya bluu?"

Nikaingiza mkono mfukoni. Kalamu yangu ya wino ilikuwa imevuja tangu asubuhi. Vidole vikatoka na rangi ile ile.

Baba alikuwa ameshika ukuta, akihema, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Shingo ilikuwa tayari imeinama kupokea medali. Ningeweza kunyamaza. Mama alikuwa ananitazama, lakini naapa hata asingenitazama.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nini tena?"

"Nilichukua nane. Hiyo ya bluu niliirudisha mimi. Bado moja."