Marobota Yaliyokataliwa Bugwema

Yuliana alipokwenda ng'ambo kusomea urejelezaji wa taka, majirani zake wa mtaa wa Iringo walimcheka. Mtu apande ndege kwenda kujifunza kuchambua takataka? Akapanda. Msimu mzima wa baridi alishinda kiwandani katika mji ule mgeni, akijifunza kutenganisha plastiki na kuozesha mabaki ya chakula yawe mbolea. Mwalimu wake alikuwa mkali kuhusu jambo moja kuliko yote: taka za hospitali zina tanuri lake, na hazichanganywi na nyingine.

Aliporudi, mradi wa wafadhili waliomsomesha ulimkabidhi kituo kipya cha kuchambua taka huko Bugwema. Wakulima na wafugaji wa hapo ndio waliotoa eneo, wakiongozwa na Ghati, mama mfugaji asiyependa maneno mengi. Kazi ikashika. Mbolea ikawa inafuatwa na watu kutoka Butiama, hata wakulima wa pamba wa Bunda.

Ndipo Baltazari, mratibu wa mradi, alipoleta habari kwamba wafadhili wametuma vifaa vya mafunzo. Lori likafika asubuhi, limejaa marobota ya plastiki yaliyobanwa kwa waya. Yuliana akakata waya wa robota moja. Ndani mlikuwa na mirija ya hospitali, mifuko ya damu iliyokauka na chupa zenye mabaki ya dawa. Harufu ilimrudisha nyuma, kisha hasira zikampanda. Haya hayakuwa mafunzo. Walikuwa wanatupiwa uchafu.

Baltazari akamvuta pembeni. Akamkumbusha ni nani waliomsomesha. Akamwambia shimo lipo, mzigo ufukiwe, la sivyo mradi utafungwa.

"Walinifundisha vizuri," Yuliana akasema. "Ndiyo maana sipokei."

Akafunga geti, lori likiwa bado nje, akasimama mbele ya geti hilo. Baltazari akamgeukia Ghati, akidhani yule mama ataogopa kupoteza kituo. Ghati akauliza kitu kimoja tu: mzigo ukifukiwa, maji ya kisima yatakuwaje? Yuliana akamweleza bila kuficha kwamba sumu itayafikia, hata kama si leo.

Ghati akaondoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa na wenzake, wanaume kwa wanawake, wakiswaga ng'ombe wao wote. Wakawajaza barabarani, mbele ya geti.

"Sisi hapa tulitoaga kwa ajili ya mbolea," akamwambia Baltazari. "Hii irudi ilikotoka."

Baltazari akapiga simu huku na huku mpaka jua likawa utosini. Dereva, Machage, alichoka kusubiri. Akasema yeye ana watoto, na kama angejua amebeba nini asingetoka nacho bandarini. Akageuza lori.

Yuliana alikuwa ameshapiga picha. Alizituma kwa maofisa wa mazingira na kwa mwalimu wake wa ng'ambo, ambaye alizipeleka kwa waandishi wa habari wa kwao. Kelele zikawa kubwa huko, na mzigo ukarudishwa kwa meli.

Mradi ulifungwa kweli. Watu wa mradi walikuja wakang'oa mashine, na Yuliana akabaki bila kazi. Alilia siku ile, hakuficha. Wiki iliyofuata alikuwa Bugwema na akina Ghati, wakigeuza mbolea kwa koleo.

Baadaye walikuja wageni wengine kutoka ng'ambo na mradi mpya. Yuliana aliwakaribisha vizuri, akawapa viti. Kisha, kabla chai haijamiminwa, akawaomba wafungue gari aone walichobeba.