Unga wa Shemeji

Shemeji aliingia maabara meno yote nje, kopo la unga mkononi.

"Shem, nipige picha nikiwa na mashine yako," alisema. "Watu wakiona maabara, mzigo utajiuza wenyewe."

Alikuwa mume wa mdogo wa mkemia aliyefanya kazi humo. Unga wake wa maumivu ya viungo ulikuwa umeshika mtaa mzima, na wa kwanza kuutumia alikuwa mama mkwe wake, yaani mama mzazi wa mkemia. Shemeji alichovya kidole kwenye kopo, akakilamba, akakichovya tena. Mkemia aligeuza uso.

Yeye mwenyewe alikuwa na miaka akiitafuta dawa ya viungo. Kutwa alikaa mbele ya kompyuta akipachika molekuli moja baada ya nyingine kwenye umbo la protini inayoleta uvimbe, aone ipi itakaa sawasawa. Nyingi zilikataa. Zile zilizokubali, zikishatengenezwa, ziliua chembe za figo kwenye majaribio.

"Wewe na kompyuta yako mmetoa dawa ngapi?" shemeji alimchokoza. "Mama anatembea kwa unga wangu."

Ni kweli, alikuwa anatembea. Alikuwa pia amevimba uso, mashavu yamejaa yanang'aa, na nyumba nzima ilimsifu kwamba afya imemrudia.

Mkemia alichota unga kidogo akauweka kwenye mashine inayomulika kitu kwa mwanga usioonekana na kuchora mstari wa vilima na mabonde. Kila kemikali ina mchoro wake. Chaki aliitambua papo hapo. Vilima vilivyobaki, kompyuta ilivilinganisha na michoro iliyohifadhiwa, ikaleta jibu: steroidi, dawa inayotuliza maumivu lakini huvimbisha uso na kupandisha sukari, ambayo daktari huitoa kwa hadhari kubwa. Ile mizizi iliyochorwa kwenye kopo haikuonekana popote.

"Unasaga vidonge," alisema.

Shemeji hakushtuka. Jamaa alicheka, akafuta kidole kwenye suruali.

"Shem, usijifanye mgeni. Si vinafanya kazi?"

"Na mama unampa ukijua?"

"Mama ndiye tangazo langu."

Mkemia alimwonyesha mlango, kopo akabaki nalo. Alisugua meza, akanawa mikono hadi ngozi ikamwasha, lakini harufu ya peremende iliyotiwa kwenye unga haikumtoka puani.

Kopo alilipeleka kwa wakaguzi wa dawa, mama akampeleka hospitali. Sukari ilikuwa imepanda vibaya. Daktari alionya kwamba steroidi haikatizwi ghafla. Itapunguzwa kidogo kidogo, mwili ujifunze upya kujitegemea. Duka la shemeji lilifungwa. Mdogo wa mkemia alipiga simu mara moja tu: "Umetuaibisha. Mama alikuwa mzima." Kisha akakata.

Dozi ilipopungua, maumivu yalirudi yote. Mkemia alikaa kitandani akimkanda mama magoti.

"Niletee japo kijiko kimoja," mama aliomba. "Mwenzio alinionea huruma."

Neno huruma lilimchafua moyo kuliko kidole kile kilicholambwa.

"Ule ni sumu kwako, mama."

"Haya. Dawa ya kwako itakuwa tayari lini?"

"Sijui, mama."

Mama alivuta shuka, akageukia ukutani.