Wiki za Nozuko

Kazi yangu ni kuita majina. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nasimama kwenye lango la kiwanda kimoja cha kuku hapa Germiston, naisoma orodha iliyotumwa na ofisi ya wakala wetu wa vibarua. Anayesikia jina lake anaitika, anapita, anachukua aproni na gambuti, anaingia kwenye baridi ya ndani. Asiyelisikia anangoja mpaka niikunje karatasi, kisha anaondoka. Hatufukuzi mtu sisi. Jina lake halisomwi, basi.

Wakubwa kule bungeni walitunga sheria kwamba kibarua wa wakala akikaa kiwanda kimoja zaidi ya miezi mitatu, anahesabiwa mtu wa kiwanda, haki sawa na wenzake. Sheria nzuri. Aliyeitunga hajapata kusimama langoni mwezi wa tano, umande umeganda kwenye waya. Kilichofuata ni kwamba wiki ya kumi na mbili wakala anamtoa mtu, anamkalisha nyumbani wiki mbili, kisha anamrudisha kama mgeni, kadi mpya, hesabu kuanzia moja. Tunaita mapumziko.

Marehemu mke wangu, Matshediso, alipumzishwa hivyo miaka sita, kwenye chumba cha barafu cha kiwanda kingine, wakala huyu huyu. Alikufa kwa mapafu akiwa mapumzikoni. Kiwanda kikasema si mtu wetu. Wakala akasema wiki hizo hakuwa kwenye vitabu vyake. Jumatatu baada ya mazishi jina lake lilikuwa kwenye orodha, maana mapumziko yake yalikuwa yamekwisha, na siku hizo mwita majina wa lango hilo nilikuwa mimi. Nikaliita. Nikangoja kidogo kama ninavyowangoja wote, nikaweka alama ya hayupo.

Kwa nini niliendelea? Shule niliacha darasa la nne. Usomi wangu wote ni majina ya watu.

Sasa Nozuko Mbambani. Alikuja mwezi wa tatu mwanzoni, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mkali wa mdomo, mikono myepesi. Alipangiwa kwenye mkanda wa firigisi, kuzisafisha zikipita, kazi inayokimbiwa na wengi, na hakukosa hata siku moja. Wiki ya saba kadi yake ikatumbukia kwenye mfereji wa maji ya damu, haikuonekana tena. Nikamtuma ofisini. Charlene, karani wetu wa kompyuta, akamtolea kadi mpya yenye namba mpya, na kwa uchovu wake, maana anahudumia malango tisa peke yake, akamwandika kama mtu aliyeanza kazi siku ile.

Nililigundua hilo wiki mbili baadaye, orodha ilipoonyesha Nozuko wiki ya pili. Sikusema kitu. Kila Jumatatu nilitazama namba yake tu, kama mtu anayechungulia sufuria bila kufunua. Ikafika Jumatatu moja, ofisi ikidhani ana wiki tano, mimi nikijua ana kumi na mbili. Zilibaki siku tano. Ijumaa ile ikipita, Nozuko angekuwa mtu wa kiwanda kwa sheria yao wenyewe, na karatasi zake za malipo zingemshuhudia. Wa kwanza, katika miaka yote niliyosimama pale.

Jumatatu hiyo hiyo Bwana Rademan, mkuu wa wakala, akaja mwenyewe na gari lake, akabandika tangazo langoni. Kiwanda kitachukua watu ishirini wa kudumu mwezi wa saba, watakaofikiriwa kwanza ni wenye wiki nyingi. Chini yake majina ya vibarua wote na wiki za kila mmoja. Kila mwaka hubandika karatasi ya namna hiyo wakati wa baridi, watu wanapoanza kukosa kazini. Mwezi wa saba ukifika, inachanwa.

Wanawake wakaisonga ile karatasi. Nozuko akaliona jina lake, akaiona tano. Akanijia pale pale, Rademan amesimama hatua tatu kutoka kwetu na kikombe chake cha kahawa, akaniuliza wiki zake saba zimeliwa na nani. Nikamwambia aache. Akasema haachi. Nikamwambia tena, polepole, iache hiyo mama, ingia kazini. Akaniangalia kama unavyomwangalia mbwa wa jirani.

Siku nzima niliwaza namna ya kumwambia. Mchana nikaingia chumba cha kulia. Alikuwa na wenzake wanne, wanagawana mkate wa mvuke na maharage. Nikamwomba tuzungumze pembeni.

"Pembeni ya nini, Tata?" akasema, kwa namna ya kwao ya kumwita mtu baba. "Mwanamke akiitwa pembeni na mwita majina, huwa anarudi na habari gani?"

Wenzake wakacheka. Mmoja, Mamello, mama mzima mwenye meno mawili mbele, akasema mwacheni mzee wa watu, mgane anatafuta wa kumpikia. Sikukasirika. Wako waita majina wa aina hiyo, nawajua kwa majina, na lango la jirani yuko mmoja anayedai hata kuku kabla ya kumwingiza mtu kwenye orodha. Nozuko angejuaje kwamba mimi siye?

"Ni kuhusu wiki zako," nikamwambia.

"Kama ni wiki zangu, zisemee hapa. Hawa wote walikuwepo. Wameniona nikifanya kazi."

Nikawatazama. Watano mezani, na meza ya nyuma wengine kumi wamenyamaza kusikiliza. Ningesema pale kwamba ofisi imekosea na kosa hilo ndilo bahati yake, kabla ya kengele ya jioni Rademan angekuwa ameshapigiwa simu. Si kwa ubaya. Kila mmoja ana nduguye kwenye foleni nje ya uzio, na neno la namna hiyo ukimpelekea mkubwa, ndugu anaitwa kesho yake.

Nikasema, "Subiri Ijumaa ipite. Ndilo ninaloweza kukwambia."

"Ijumaa ipite ili mfunge hesabu nikiwa na tano. Tata, nimekaa na mawakala watatu kabla yenu. Kila mmoja aliniambia nisubiri."

Jumanne jioni nilimngoja nje. Akaniona, akashikana mkono na Mamello, wakavuka barabara. Ningeweza kumfuata. Nilisimama nikajiambia mtu akitaka kuangamia, mwache, na hilo ndilo neno la Rademan, analisema kila siku. Ningeweza kumpa mtu kikaratasi ampelekee. Lakini mwandiko wangu wanaujua wote, uko kwenye kila kadi, na kile kikaratasi kingefika ofisini kabla ya kumfikia yeye. Nina miaka hamsini na minane. Sikuandika.

Jumatano mchana akaomba ruhusa ya saa moja, akaenda ofisini kwa miguu na mfuko wa plastiki wenye karatasi zake zote za malipo, tangu ya kwanza. Charlene ndiye aliyenipigia. Sauti yake haikuwa na furaha yoyote. Akasema huyu dada amezipanga mezani moja moja, kwa tarehe, nimeangalia, ni kweli, kosa ni langu. Nikamwomba asiguse kitu mpaka Jumamosi. Akashusha sauti. Kisha akasema, "Mzee, amesimama hapa nyuma yangu."

Nilidhani anamsema Nozuko. Rademan akachukua simu.

Akaniuliza kama nilikuwa najua. Nikasema sikujua. Akaniuliza mtu ninayemwita kila asubuhi, inakuwaje nisijue wiki zake. Nikasema majina ni mia na arobaini, bwana. Akasema sawa, na kwamba amemshukuru yule mama kwa uaminifu wake na hesabu imerekebishwa.

Nozuko alirudi kazini anang'aa. Akapita mbele yangu bila kunisalimu, akawaonyesha wenzake ile karatasi mpya yenye muhuri: wiki kumi na mbili. Mamello akapiga kigelegele kidogo. Wakarudi kwenye mkanda.

Alhamisi nikaisoma orodha taratibu kuliko siku zote. Mabaso. Makhanya. Maluleke. Mathebe. Matsepe. Nilipofika Mdluli, Nozuko akainua kichwa, maana alishajua mahali pake kati ya majina, Mbambani kabla ya Mdluli. Akadhani nimemruka. Akangoja nifike mwisho, mkono ukiwa tayari kunisahihisha. Nikaikunja karatasi.

Wengine wakaingia. Mamello alisimama kidogo, akamgusa bega, naye akaingia. Tukabaki wawili pale langoni, na wale wa foleni nje ya uzio.

"Ulikuwa unajua," akasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya tisa."

Akavuta shali yake vizuri mabegani. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea. "Mtu mzima na ndevu zako," akasema, "ukashindwa kuniambia maneno matatu."

Nikamwambia alikataa kuitwa pembeni. Akasema yeye hakuwa na namna nyingine ya kujilinda. Nikasema mimi pia sikuwa nayo. Nikataka kumweleza juu ya Rademan, juu ya wale wakubwa na sheria yao, kwamba wao ndio walioyafanya haya yote. Nilifungua mdomo. Akaitoa kadi kwenye shati, akaniwekea kiganjani, ingali na joto la mwili wake.

"Wiki mbili, siyo?"

"Wiki mbili."

"Nirudi lango hili hili?"

Nikamwambia arudi hili hili. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka upande wa stesheni.

Mkanda wa firigisi ulikuwa na nafasi moja tupu na msimamizi alishaanza kunipigia mluzi kutoka ndani. Nikaenda kwenye uzio. Mikono ikainuka yote pamoja. Nikamnyooshea kidole mwanamke wa mbele, nikamwuliza jina lake, nikaliandika.