Mtani Kavaa Kitenge cha Mama

Mista Lindquist, mzee ninayemtunza huku Anoka, ughaibuni, ana ugonjwa mmoja ambao daktari hakuuandika: anapenda vichekesho vya Waingereza vya miaka ya sabini. Kila asubuhi, nikishamwogesha na kumpa uji wake wa oti, lazima niketi naye tutazame. Wanaume wazima na suti zao. Mmoja kavaa gauni la bibi, anaongea kwa sauti nyembamba, amelishtaki kabati mahakamani kwamba limemtukana. Hakimu naye, uso mkavu, anauliza kabati lina wakili gani. Mzee anacheka mpaka meno ya bandia yanataka kumtoka. Mimi nimenuna. Miaka mitatu sijacheka hata mara moja, na nisikufiche, ilinikera, maana huyo ndiye mtu pekee ninayeketi naye mezani katika jimbo hili zima.

Mama akafariki Songea, Jumapili moja ya Februari. Kwenda siwezi: maombi yangu ya hifadhi ya ukimbizi hayajajibiwa, na ukitoka nchini kabla ya jibu, ndiyo umetoka, hurudi tena. Ofisi iliyoniajiri nayo ikasema hakuna wa kunishikia shifti. Nikamwomba kaka yangu Gaudensi kitu kimoja tu: kabla hawajamfukia Mama, ainue simu niagane naye. Baba sikumzika, shangazi sikumzika. Huyu nilitaka nimuage.

Maziko yalikuwa saa kumi jioni ya kule, hapa saa moja asubuhi. Nikamwambia Mista Lindquist leo hakuna runinga, leo namzika mama yangu. Akaizima mwenyewe, akasogeza kopo la sukari ili niegemeze simu. Akaketi kando yangu, mikono magotini, kama yuko kanisani.

Sasa, sisi Wangoni tuna watani wetu, Wahehe. Asiyeujua utani ataona ni wehu mtupu: msibani mtani halii. Kazi yake ni kutuchekesha, na mtani hakasirikiwi, afanye afanyalo. Jeneza lilipofika, mzee Kalinga, Mhehe jirani yetu, alikuwa ameshaingia kaburini kalala chali, anasema chumba kimeshapangishwa. Wakamtoa kwa kumvuta miguu. Mista Lindquist akaguna. Kalinga akapotea kidogo, akarudi amejifunga kitenge cha Mama, kile cha kijani, miwani yake puani, anachechemea kwa nyonga mbovu kama Mama. Hapo mzee wangu akapasuka. Akacheka huku anapiga meza, anasema hawa anawajua, hawa ndio walewale wa kwenye runinga. Nilitaka kumzaba kibao.

Kalinga akavua ndala, akaiweka sikioni kama simu. "Haloo, Editha? Unakuja Krismasi? Haya, mwanangu. Krismasi ya mwaka gani?"

Waombolezaji wakaangua kicheko; Editha ndiye mimi. Akageuka, akawafukuza watu wasiokuwepo. "Mwacheni huyo jogoo. Ni wa Editha." Akainama kumwangalia huyo jogoo wa hewani. "Kazeeka, masikini. Basi, tutafuga mwingine."

Watu wanacheka, wanajifuta machozi. Gaudensi mwenyewe anacheka nyuma ya simu. Hapo ndipo nilipojua. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kila mwaka Mama alikuwa ananitengea jogoo. Kila Jumapili nikimpigia simu nilikuwa nasema nitakuja Krismasi kwa sababu ni rahisi kusema, nikidhani naye anajua ni maneno tu. Jamani, niliona aibu, aibu ya kutamani kuingia chini ya meza, na pembeni yangu mzungu anacheka.

Halafu Kalinga akaiona simu. Akaja mpaka mbele yake, miwani ya Mama ikajaa kioo chote, ndala bado iko sikioni.

"Editha, salio linaisha. Unakuja au huji?"

Watu wote pale makaburini wakawa wananisubiri nirudishe utani kwa utani, maana ndivyo inavyotakiwa. Ningesema Krismasi, wangecheka, na shughuli ingeendelea.

"Siji, Mama," nikasema. "Usinisubiri tena."

Kule hakucheka mtu. Kalinga akaishusha ndala taratibu. Nikadhani nimemharibia kazi, sasa atavua miwani aniombe radhi, tuaibike wote wawili mbele za watu. Hakuivua.

"Haya, mwanangu," akasema, kwa sauti ya Mama kabisa, ile ya jioni akifunga mlango. "Basi mimi nikalale."

Akarudi nyuma, nao wakaanza kushusha jeneza. Mista Lindquist alikuwa bado anacheka, anajipangusa macho kwa leso. Akaniuliza yule bibi kasema nini mwishoni. Nikamwambia kasema anakwenda kulala. Akacheka upya, akasema huo ni mwisho mzuri sana. Nilikuwa nalia hapo hapo, kiti changu kimegusana na chake, na yeye macho yake yako kwenye simu, anangoja bibi arudi.