Kidole cha Mwisho cha Abby

Cheptanui alikuwa amefika kidole cha tatu. Alilibonyeza kovu kwa kidole gumba mpaka likapauka, akazungusha polepole mara kumi, akaachia, kisha akachota tena mafuta ya kukamulia ng'ombe. Awuor, mtaalamu wa mazoezi hospitalini Nakuru, alisema hayo yanafaa, na hapa Njoro hakuna boma lenye ng'ombe linaloyakosa.

Abby, mjukuu wake wa miaka minne, alikaa mkekani, mkono wa kulia umelala kwenye paja la nyanya yake, aliyemwita Kogo. Miezi mitatu iliyopita aliutumbukiza kwenye sufuria ya uji. Kidonda kilishafunga. Sasa kovu ndilo lililokuwa likivuta vidole.

"Kogo, yako iliungua na uji pia?"

"Maziwa."

"Ndiyo ikakuwa mapacha."

"Ndiyo ikakuwa mapacha."

Cheptanui akacheka. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilishikana zamani, huko Olenguruone. Mama yake alimpaka asali na mafuta ya kondoo, akamkunja ngumi, akaifunga kwa kitambaa laini kuliko vyote nyumbani. Kila alipojaribu kukifungua mtoto alilia, naye mama hakuweza kuendelea. Maua ya pareto ya msimu ule yalichumwa yote kabla kitambaa hakijatoka.

Hata hivyo, hajawahi tena kupendwa vile. Alibebwa mgongoni akiwa mkubwa wa kubeba wengine. Kaka zake walitumwa maji, yeye akabaki jikoni karibu na moto, mvua ya Mau ikinyesha nje, mama akimpulizia mkono na kumwimbia kwa sauti ya chini. Mpaka leo harufu ya mafuta ya kondoo ikimpata sokoni, husimama kidogo.

Akafika kidole cha mwisho. Hakikunyooka. Alijua sababu. Siku nne mfululizo, bintiye Jepkemei akishaenda kazini kwenye jiko la chuo, Abby alilia na kibao cha kunyoosha vidole, naye alimfungulia. Alikirudisha aliposikia geti. Na Awuor alikuwa amesema wazi: kidole hiki kikiendelea kujikunja hadi Alhamisi, itabidi mtoto apasuliwe na kubandikwa ngozi.

Alikuwa amezungusha mara ya nne geti likalia. Leo kibao kilikuwa bado dirishani.

Jepkemei aliweka mkoba chini, akachukua daftari na penseli. Kila Jumatatu alichora mkono wa mtoto kwenye ukurasa. Alichora, akafunua ukurasa wa wiki iliyopita, akalinganisha michoro.

"Mama, hiki kimerudi nyuma. Huwa anavaa kibao?"

"Navaa ukikuja," Abby akasema.

Jepkemei alimtazama mama yake.

"Ni mimi," Cheptanui akasema. "Alikuwa analia."

"Si hata wewe ulilia?"

Hakukuwa na ukali katika swali hilo, na ndiyo maana lilimkaa kifuani. Cheptanui aliutazama mkono wake mwenyewe. Katika miaka yote hiyo hajawahi kumlaumu mama yake, hata leo hakutaka kuanza.

"Alinipenda sana," akasema.

"Najua, Mama."

"Nipe hicho kibao. Nitafunga mwenyewe."

Alifunga mkanda wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye ule wa kidole cha mwisho Abby alianza kulia. Cheptanui alihakikisha haubani kupita kiasi, akaufunga, akamwacha alie. Alimkumbatia, lakini hakuugusa mkanda.

"Utafungua saa ngapi?" mtoto akauliza kwa kwikwi.

"Kesho, tukianza kukanda. Na tutaanza na hiki kidogo, kabla hatujachoka sisi wote."

"Kogo, wewe ni mbaya."

"Leo, ndiyo."

Ng'ombe walikuwa wakiita zizini. Jepkemei akachukua ndoo. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepata mizunguko minne tu kati ya kumi, na Alhamisi ilikuwa siku tatu mbele.